Mzima Haigwi

Ubwari, 14 Januari 2024

Kwa Merveille, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumba yenu. Mimi mwili uko salama. Mbuzi mweupe amezaa, upepo ulitubomolea jiko tukalijenga tena, na pasta wetu amehamishwa, sasa tunaongozwa na shemasi asiyejua kuimba. Mwambie baba yako Néhémie kwamba goti langu limepona. Asinitumie tena ile dawa ya kupaka, inanuka mpaka kuku wananikimbia.

Sasa kaa chini. Divine, yule mama anayenunua samaki kwetu na kuwapeleka mjini Baraka, alikuja juzi akawa hanitazami usoni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama Dany, uko mu video. Batu bote banakuona." Akanipa simu yake. Nikajiona nimevaa suruali na kofia ya marehemu mume wangu, nacheza, na juu yangu wameweka muziki wa baa. Chini wameandika: MJANE ASHEREHEKEA KIFO CHA BWANA YAKE.

Wewe ulikuwepo, Merveille. Unajua ile ilikuwa siku ya kuzima moto wa kilio. Unajua kwetu yule aliyemjua marehemu kuliko wote huvaa nguo zake na kutembea mwendo wake mbele ya watu mara ya mwisho, ili marehemu aage kwa miguu yake mwenyewe. Nimewaaga hivyo wafu wa vijiji vingi tangu nikiwa msichana. Kwa Bertin wangu sikutaka mtu mwingine anisaidie. Nilitanguliza lile bega lake la kulia lililopindishwa na nyavu, nikapiga kofia pajani, nikawaita wavuvi kwa sauti yake: "Vuta, vuta, bugali inapoa!" Watu wakacheka, kisha wakalia, nami nililia mpaka wanawake wakaja kunishika. Kulia kote kumekatwa. Sala imekatwa. Kimebaki kiuno changu na ule mwito wa wavuvi.

Aliyefanya hivyo ni yule kijana wa miwani myeusi aliyekuja na boti ya Divine, akasema anapiga picha za ukumbusho. Nilimtandikia mkeka. Alikula samaki wangu, tena akaomba mchuzi.

Nawe unajua Dany hakuwahi mazishi ya baba yake. Habari ilimfikia huko Misisi kwenye mashimo ya dhahabu ikiwa imechelewa, na mvua ilikuwa imekata barabara. Kilio cha baba yake amekiona katika hiyo takataka, kwenye kadi ya memori ambayo wachuuzi wanaipandisha migodini pamoja na chumvi na sabuni. Ametuma neno moja tu: "Mumwambie mama abakie na furaha yake." Ni mtoto wangu wa pekee. Tangu hapo kimya.

Sitaki unifariji. Nataka uniandikie huyo kijana ni nani, na kwa nini watu wanampenda. Wewe unashinda na simu, utajua. Niandikie na wengine ambao watu wanawafuata, na kinachowavuta kwao, ili nielewe mambo hayo yanavyokwenda. Hakuna anayewinda mnyama bila kujua anakunywa wapi maji.

Mimi shangazi yako,
Émilienne


Baraka, 3 Februari 2024

Tantine yangu Émilienne,

Barua yako imenifikia ikinuka dagaa wenu, ndagala, nikajua kweli imetoka kwenu. Huku wote tunapumua. Mama alishikwa na malaria, sasa anagombana tena na majirani, maana yake amepona. Mdogo wangu Junior amefaulu hesabu na hakuna anayeamini. Papa Néhémie alicheka sana kuhusu kuku, halafu akanuna, kwa sababu ile dawa ameisifia kwa mji mzima. Mimi nashona sare za shule mpaka naota kola.

Kuhusu jambo lenyewe, yale watu wanayoandika chini ya hiyo video usiniulize. Wengine wanakuonea huruma. Tuishie hapo.

Umeniuliza watu wanamfuata nani. Mimi wa kwanza wangu ni Kanyange, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mulongwe, mama wa makamo kama wewe. Anapalilia maharage. Basi, ni hivyo tu. Anaiegemeza simu kwenye jiwe, anapalilia, anaongea nasi kama tuko shamba la jirani. Hakati kitu. Mbuzi akiingia, ameingia. Mtoto akilia, Kanyange anaenda kumbeba, na sisi tunabaki kutazama maharage matupu mpaka arudi. Utasema ni upuuzi, lakini siku moja nilimtazama mpaka nikaunguza shati la mteja kwa pasi. Watu wanamwamini mno. Akisema mvua inakuja Mulongwe, mtu wa Kalemie, mbali huko, anaanua nguo.

Halafu kuna Rénovat, fundi wa injini za boti. Uso wake hatujawahi kuuona, ni mikono na sauti. Utamu wake ni kwamba akikosea anasema, "Hapa nimeharibu, tuanze tena." Wewe umewajua wanaume wangapi wanaosema hivyo? Wengi wanaomfuata ni wanawake, na hawana injini. Na mwalimu Constance anafundisha Kibembe pamoja na bibi yake. Bibi haiangalii simu hata kidogo. Akiulizwa neno anajibu huku ameukabili ukuta, na sisi sote tunangoja siku atakayogeuka.

Sasa yule wako. Anaitwa Norbert, mtoto wa mama Pulchérie wa kule juu Fizi. Kwenye simu anajiita Commandant Nono. Nisikudanganye, tantine, anachekesha. Hata mimi nilikuwa namfuata, kabla ya haya, na siku ile kwenu sikumtambua kwa machozi. Kila video anaanza, "Shemeji, kaa kiti!" na kweli unajikuta umekaa. Anazunguka masokoni, harusini, vilioni, anamkamata mtu mmoja, anamgeuza kichekesho. Nimefikiri sana kwa nini tunampenda, na nadhani ni hivi: yeye mwenyewe hachekwi kamwe. Ukiwa naye uko upande wa wanaocheka, na hakuna aliye upande huo anayetaka kuhama. Nilimwandikia aiondoe video yako. Alinijibu kwa kakichwa kanakocheka mpaka machozi.

Mama anasema uyaache, mavi ya kale hayanuki.

Binti yako,
Merveille


Ubwari, 10 Machi 2024

Merveille,

Salamu kwa wote. Hapa kuna uzima, mvua na mbu.

Mwambie mama yako haya ni mabichi, aje ayanuse.

Nilimtumia Dany samaki, mikebuka niliyoikausha mwenyewe kwa moshi, ile minene anayoipenda, nikaifunga kwa kamba. Mchuuzi aliipeleka hadi Misisi. Imerudi. Hata kamba hakuifungua. Nimeiweka juu ya dari, sitaki kuila wala kuiuza, na kila nikiinua kichwa naiona. Wewe unajua kupika ukilia? Mimi nimejifunza.

Barua yako nimeielewa kuliko ulivyodhani. Hachekwi. Basi hapo ndipo anapokunywa maji.

Nijazie kadi ya memori, uweke video zote za huyo Norbert, nzuri na mbaya, hasa zile anazotembea. Muuguzi wetu ana simu ya zamani na sahani ya jua ya kuichajia, ataniazima. Na huyo Kanyange asiyekata, anaweza kufika Baraka siku ya soko? Usimwambie neno. Nami sikuambii wewe.

Shangazi yako


Baraka, 21 Aprili 2024

Tantine Émilienne,

Shikamoo nyingi kutoka juu ya kiti. Ziwa limetupandia. Maji yameingia sokoni, na samaki wanaogelea pale pale walipokuwa wanauzwa. Mashine yangu ya kushona nimeiweka mezani, papa anatoka nyumbani kwa mtumbwi wa jirani akijifanya gavana. Hatujapoteza mtu, tumshukuru Mungu.

Kadi utaikuta ndani ya bahasha, nimeishonea kwenye kitambaa isipotee. Kijana wa duka anayejaza kadi alinishangaa: "Dada, zote za Nono? Unamupenda sana!" Nikamwambia, "Si miye, ni shangazi yangu." Akasema una ladha nzuri.

Kuhusu Dany sina la kusema. Nilimwandikia, hakunijibu.

Lakini nina la kusema kwako, na utanisamehe, maana mtoto hamfundishi mzazi kutembea. Najua unachofikiri. Ni wewe uliyetufundisha kwamba mzima haigwi. Ni wewe uliyetuhadithia yule mwanamke wa kijijini kwenu aliyemwiga shemeji yake angali hai, kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Ulisema tangu siku hiyo watu walimwona yule shemeji kama maiti inayotembea, mama yake mwenyewe akakataa kumpakulia. Haikuisha mpaka yule mwanamke alipomshika mkono mbele ya watu wote na kutembea naye hadi mlangoni kwa mama yake, kumrudishia mwendo wake. Tulipokuwa wadogo ulituambia hadithi hii ili tusichezee vilio. Sasa nakuambia mimi. Aigaye tembo, mwisho wake unaujua.

Mtoto wako,
Merveille


Ubwari, 19 Mei 2024

Merveille, binti yangu,

Nakusalimu kwa furaha, mara ya kwanza mwaka huu. Ndagala wanaingia vizuri. Shemasi bado haimbi.

Nimemtazama kijana wako mpaka betri ya muuguzi imevimba. Mwanzoni nilikuwa natukana skrini, muuguzi akanisihi nipunguze kwa ajili ya wagonjwa. Sasa situkani tena, najifunza. Wewe uliona anachekesha, hukuona anavyokwenda. Mguu wa kushoto anaupiga chini kama mtu aliyekatikiwa na kandambili. Suruali anaishikilia kiunoni kwa vidole viwili, kama panya aliyeshikwa mkia. Na kila akimaliza mzaha anageuka nyuma kidogo, haraka, kuona kama watu wamecheka. Kila mara! Ni mtoto aliyelamba sukari, anaangalia kama mama ameona. Hapo ndipo mnapompenda, bila kujua. Mnamwonea huruma mkadhani ni kicheko.

Mimi simwonei.

Nautembea mwendo wake nikienda kuchota maji. Jana mbwa wangu mwenyewe alinibwekea. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi.

Ulinikumbusha habari ya yule mwanamke. Nimeisoma.

Nakuja siku ya soko baada ya maji kushuka. Tafuta kuni, mkeka, na wanawake wa upande wetu wanaojua kulia vizuri, si wale wa kunung'unika puani. Tutakaa uani kwenu. Mwambie Kanyange kuna kilio cha kimila, aje akichukue chote, asikate, tangu moto unapowashwa hadi unapozimwa. Akiuliza ni nani amekufa, mwambie ataona. Na unitafutie miwani myeusi.

Shangazi yako


Baraka, 16 Juni 2024

Tantine Émilienne,

Wote wazima. Salamu nitazipeleka nyuma leo, kwa maana uliondoka na boti siku ile ile na hukuona ulichokiacha. Sijui niandike nikicheka au nikiwa na hasira. Ninafanya vyote.

Ulipotoka nyuma ya nyumba na ile miwani, ukashika suruali kwa vidole viwili na kupiga mguu wa kushoto chini, hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Uliposema "Shemeji, kaa kiti!" mama yangu, yeye wa mavi ya kale, alikaa chini kwenye matope. Ulipogeuka kutazama kama tumecheka, nilidhani nitakufa. Kisha ukalala mkekani, ukavua miwani, ukaikunja kifuani, wanawake wakapasua kilio, na maji yakamwagwa motoni. Hapo nilisikia baridi, tantine. Nikamwangalia Kanyange. Alikuwa anafuta machozi, na hakukata.

Akaiweka vile ilivyo. Aliandika: "Leo Baraka tumemuaga Commandant Nono."

Kama angeiweka mtu mwingine, watu wangesema ni mchezo. Lakini Kanyange hajawahi kudanganya hata kuhusu mvua. Na Norbert mwenyewe alikuwa njiani kutoka Minembwe, huko ambako simu hazishiki. Watu wakaanza kupanda Fizi kwa mama Pulchérie na mikeka, unga wa muhogo na kuni. Kwaya ikaja. Mama wa watu akanyoa nywele. Hiyo ya nywele siicheki.

Siku ya tatu Norbert akashuka kwenye pikipiki, vumbi mwili mzima, miwani usoni, akakuta kilio chake. "Mama, ni miye! Niko muzima!" Ndipo sauti ikatoka kwa waombolezaji: "Shemeji, kaa kiti!" Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Naye, tantine, aligeuka nyuma kuangalia nani anacheka. Waliokuwa wamejikaza wakaishiwa nguvu. Mama yake alizimia. Alipozinduka hakumkumbatia. Anampisha njia, hampakulii, anasema amekwisha kumlilia huyu na machozi hayarudi machoni.

Sasa akiweka video yoyote, watu wanaandika, "Pumzika kwa amani, Commandant." Hakuna tena anayekaa kiti. Alinifuata hapa kwenye cherehani bila miwani. Ana macho madogo, kama amelala mchana. Akauliza unataka nini. Nikasema, aondoe ile ya Bertin. Akaiondoa mbele yangu, akaenda.

Sasa nikuambie nililokuficha. Tangu Januari watoto wa soko walikuwa wakimwona mjane yeyote wanamwimbia, "Vuta, vuta, bugali inapoa!" Wameacha. Hilo nalifurahia waziwazi, umewanyamazisha.

Lakini Kanyange alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mulinitumia kusema uongo. Miye sisemake uongo." Aliwaeleza wafuasi wake kwamba amepotoshwa, akaifuta, ingawa imeshapakiwa kwenye kadi na kupanda hadi milimani. Wengine wamemwacha. Sasa akisema mvua inakuja, wanamuuliza kama ni kweli.

Merveille


Ubwari, 14 Julai 2024

Binti yangu Merveille,

Salamu. Barua yako niliisoma kwa sauti kaburini kwa Bertin. Nilipofika kwenye "Niko muzima!" nilicheka peke yangu pale mpaka wavuvi wakasimamisha mtumbwi. Sijuti. Huyo kijana aliniua mbele ya mtoto wangu, nami nimemuua mbele ya mama yake. Tumetoshana. Kwa Kanyange tu ndipo barua yako inanichoma, nami bado sijajua la kumwambia.

Nilitaka kuishia hapo. Nimekaa na karatasi hii wiki nzima.

Dany amekuja.

Kadi mpya ilifika Misisi, akaitazama pamoja na wachimbaji wenzake. Wao walicheka. Yeye alipoona wanawake wanalia na moto unazimwa, akaelewa ni kitu gani kilichokatwa katika ile ya kwanza. Akashuka. Alisimama mlangoni na mfuko wake, amekonda, ana ndevu za baba yake. Akasema, "Mama, unisamehe. Papa nilimukosa. Siku ya kumuaga miye sikuwaka pale. Nionyeshe." Nikashusha mikebuka kutoka darini, tukala, ilikuwa migumu kama kuni na akaimaliza. Kisha nikavaa suruali na kofia.

Merveille, mguu wa kushoto ulipiga chini.

Nikasimama, nikasema ni uchovu. Nikaanza tena na bega la kulia. Bega likakataa, mkono ukaenda kiunoni, vidole viwili. Nikajaribu sauti: "Vuta, vuta," na kilichofuata kikawa "shemeji." Na nilipokuwa sijui nifanye nini, niligeuka nyuma kuangalia kama mtoto wangu ananitazama. Alikuwa ananitazama. Akasema polepole, "Mama, ule si papa."

Kila asubuhi nakwenda ufukweni kumtafuta Bertin miguuni mwangu. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana, nilimjua kwa hatua hata gizani, na sasa anayekuja ni huyo mla samaki. Dany anatengeneza nyavu za baba yake, naona mfuko wake bado hajaufungua. Akiondoka safari hii, atakuwa ameondoka bila hasira, na mtu aliyeondoka bila hasira sijui anarudishwa kwa nini.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Ile video niliyotaka ifutwe, ile chafu, ndiyo mahali pekee ambapo Bertin bado anatembea. Muulize huyo kijana kama anayo ile ndefu, kabla hajaikata. Usiombe kwa jina langu.

Shangazi yako


Baraka, 28 Julai 2024

Tantine,

Huku tuko wazima, papa anakusalimu, maji yamemaliza kurudi ziwani na kutuachia matope na viatu vya watu wasiojulikana.

Nilikwenda. Anakaa kwa rafiki yake, huko nyuma ya soko. Niliomba kwa jina langu, hakuniacha hata nimalize. Alisema, "Najua ni nani anakutuma. Niko nayo yote, na kulia, na sala. Ile ndefu sikuifutaka." Nikamuuliza atataka nini. "Siuzishi. Aje anishike mukono, tutembee mpaka kwa mama. Anirudishie mwendo yangu. Mama hanipakulii, na batoto barabarani banakimbia."

Alinionyesha mwanzo wake. Niliona bega la kulia la Bertin wako linatoka nyuma ya nyumba yenu, tantine, kabisa kabisa yeye. Nikamrudishia simu. Haikuwa haki niione kabla ya Dany.

Merveille


Ubwari, 11 Agosti 2024

Merveille,

Salamu utazipokea mdomoni mwangu, kwa maana nakuja na boti ya Divine, mimi na Dany. Mfuko wake ameufungua. Ametoa shati la kuvaa siku hiyo, kisha akaufunga tena.

Mwambie Norbert nimekubali. Nitamshika mkono kuanzia barabarani hadi mlango wa mama yake, mbele ya wote walioleta unga. Kwa mama Pulchérie nitapiga magoti kwa ajili ya nywele zake, hizo ni deni langu. Lakini mwanawe simsamehe. Umwambie waziwazi, asije akajidanganya. Alikula samaki wangu akaomba mchuzi. Namrudishia mwendo wake kwa sababu umekaa mahali pa Bertin, na miguu yangu haina nafasi ya wanaume wawili.

Dany ameniuliza, na kama Bertin hatarudi hata hivyo? Nikamwambia tutakaa wawili, tutatazama simu ya adui, tutamuaga humo. Akasema sawa. Ni neno refu kuliko yote aliyosema wiki hii.

Kwa Kanyange nitakwenda mimi mwenyewe kwanza, shambani kwake, nimwambie ukweli wote kabla hajagusa simu. Akikataa, ana haki. Akikubali, namwomba asimame pale barabarani, na Norbert aje bila miwani. Nikilia njiani, asikate. Norbert akilia, hapo hasa asikate.

Shangazi yako,
Émilienne